Na anayenunua naye asaini: kuhusu viwango vya maadili kwa masapulaya

Kuna waraka wa maadili ambao kila sapulaya, yaani anayeiuzia kampuni kubwa bidhaa, anaujua. Unakuja kwa barua pepe, kurasa 20 au 30, jalada lina picha ya majani mabichi, ndani imeandikwa hakuna mtoto kufanya kazi, hakuna kazi ya kulazimishwa, hakuna rushwa, mishahara ilipwe kwa wakati, saa za kazi zisizidi kiwango, majitaka yasafishwe kabla ya kumwagwa, hewa ukaa ipunguzwe, na ukifika mwisho kabisa unakuta sehemu ya sahihi na muhuri. Sahihi ni moja tu, ya sapulaya. Kampuni iliyouandika haisaini popote.

Mi nakaa upande wa wanaosaini. Kazi yangu ni kuandaa kiwanda cha nguo kwa ukaguzi, kujibu madodoso ya wateja, kukaa na wakaguzi wakija, halafu wakishaondoka ndo naanza kuhangaika na orodha ya marekebisho waliyoacha. Nimeifanya kazi hii muda wa kutosha kuwa na msimamo, na msimamo wenyewe ndo huu: viwango hivi ni vya haki na vinahitajika sana, ila vinamfunga mmoja kati ya wawili, na yule asiyefungwa ndiye mara nyingi anayeamua kama vitafuatika au havitafuatika. Bei anapanga yeye, tarehe ya mzigo anapanga yeye, siku ya kulipa anapanga yeye, halafu saa za kazi zikizidi anayeulizwa ni meneja wa kiwanda.

Kabla sijaendelea niseme jambo moja maana kuna watu wakisikia hivi wanadhani natetea wenye viwanda. Sitetei. Makadirio ya Shirika la Kazi Duniani, ILO, na wenzake yalionyesha kwamba mwaka 2021 watu milioni 27.6 walikuwa kwenye kazi ya kulazimishwa, na makadirio ya ILO na UNICEF ya mwaka 2024 yanataja watoto milioni 138 kwenye ajira za watoto. Kuna wenye viwanda wanaotia kufuli milango ya dharura eti watu wasiibe vitambaa, kuna wanaoshikilia pasipoti za wafanyakazi wageni, kuna wanaokata mshahara kwa sababu mtu kakaa chooni dakika kumi. Hao wabanwe, tena wabanwe kweli kweli, na kama si hivi viwango wengi wao hata kifaa cha kuzimia moto wasingenunua. Nimeona kwa macho yangu vyoo vikijengwa, feni zikifungwa na milango ikiwekwa komeo la kusukuma kwa ndani kwa sababu tu mteja kasema bila hivyo hakuna oda. Kwa hiyo viwango vina nguvu. Swali langu ni nguvu hiyo inaelekezwa wapi.

Vyenyewe havikushuka juzi. Saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki ni mkataba wa kwanza kabisa wa ILO, wa mwaka 1919. Umri wa chini wa kuajiriwa upo kwenye mkataba namba 138, ajira mbaya zaidi za watoto kwenye namba 182, uhuru wa kujiunga na chama cha wafanyakazi kwenye namba 87 na 98. Mwaka 1998 ILO ikavikusanya vile vya msingi kwenye azimio moja, na mwaka 2022 ikaongeza mazingira salama na yenye afya kazini. Kampuni binafsi zilianza kuandika zao miaka ya 90, Levi Strauss, wale wa jinzi, ikiwa kati ya za mwanzo mwaka 1991, kikaja mwaka 1997 cheti cha SA8000, cha kuonyesha kwamba kiwanda kinawatendea wafanyakazi haki, halafu mwaka 2011 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa likapitisha miongozo 31 kuhusu biashara na haki za binadamu. Kwenye hiyo miongozo kuna maneno mazito ambayo sapulaya wachache wameyasikia na hata maofisa wengi wa manunuzi hawayajui: kampuni haiulizwi tu kuhusu madhara inayofanya yenyewe, inaulizwa pia kuhusu yale inayochangia na yale yanayofungamana na bidhaa zake kupitia anaofanya nao biashara. Inayochangia! Shikilia hapo, maana ndo penyewe.

Hebu tupige hesabu, tena hesabu rahisi ya mfano. Oda ni mashati 30,000. Shati moja linachukua dakika 20 za kushona, hizo ni dakika 600,000, yaani saa 10,000 za kazi. Laini ya kushona ina watu 50 na ufanisi wake ni asilimia 60, ambao kwa laini nyingi ni ufanisi wa kawaida kabisa maana nyuzi zinakatika, mashine zinagoma, watu wanaumwa, mtindo mpya unahitaji siku kadhaa mikono izoee. Kwa hiyo saa halisi unazohitaji ni kama 16,700. Watu 50 kwa saa 8 wanakupa saa 400 kwa siku, hapo unahitaji siku 42 za kazi. Mnakubaliana siku 42, kila mtu karidhika, hakuna ovataimu hata moja kwenye mpango. Sasa mnunuzi anachelewa kuthibitisha rangi. Kwanza sampuli haijamfurahisha, mara bosi wake yuko safari, mara wamebadilisha kifungo, zinapita wiki mbili, siku 12 za kazi zimeondoka. Unamwandikia tusogeze tarehe ya meli. Jibu linakuja: tarehe haisogei, mzigo ukichelewa kuna punguzo la bei kwa kila wiki, na ukitaka kuwahi panda ndege kwa gharama yako.

Zimebaki siku 30. Saa 16,700 gawanya kwa siku 30 gawanya kwa watu 50, unapata zaidi ya saa 11 kwa mtu kwa siku, na kwa wiki ya siku 6 hiyo ni zaidi ya saa 66. Ukifungua waraka wa maadili wa huyo huyo mnunuzi, mara nyingi utaukuta unasema saa 48 za kawaida pamoja na ovataimu isizidi jumla ya 60 kwa wiki, na siku moja ya kupumzika kila baada ya siku 6. Kwa hiyo oda yenyewe, ilivyobadilishwa na mnunuzi mwenyewe, haiwezi kutimizwa bila kuvunja kanuni za mnunuzi mwenyewe. Na hapo hakuna mtu aliyekuwa mbaya, hakuna bosi aliyepiga kelele, ni rangi tu ilichelewa kuthibitishwa.

Meneja wa kiwanda ana njia zake nne na zote zinauma. Avunje saa na kuandika ukweli, anafeli ukaguzi. Avunje saa na kuandika uongo, anapita ukaguzi. Apeleke nusu ya kazi kwenye karakana ya nje ambayo mteja haijui na hakuna mkaguzi atakayewahi kukanyaga, hapo ndo mara nyingi watoto wanapopatikana. Au akatae, na msimu ujao oda inahamia kwa mwingine ambaye atakubali. Wakubwa wa masuala ya uendelevu wanapenda kuuliza kwa nini masapulaya wanadanganya, na mi nawaambia siku zote, nenda kwanza idara ya manunuzi ghorofa ya chini yako, kaombe tarehe ambazo oda za mwaka huu zilithibitishwa kisha ziweke pembeni ya tarehe za meli.

Uongo wenyewe unaonekana, tusidanganyane. Mkaguzi mzuri haendi kwenye kadi za mahudhurio kwanza, anajua hizo zimeshapigwa pasi. Anaomba daftari la sindano zilizovunjika. Kiwanda cha nguo makini kina hili daftari kwa sababu kipande cha sindano kikibaki kwenye nguo ya mtoto ni balaa, kwa hiyo mshonaji akivunja sindano analazimika kutafuta vipande vyote, vinabandikwa kwenye ukurasa kwa selotepu, inaandikwa namba ya mashine, tarehe, saa, anatia sahihi, ndo anapewa sindano mpya. Sasa mkaguzi anafungua, anakuta tarehe fulani sindano imevunjika saa nne na nusu usiku, mashine namba fulani, sahihi ya mama fulani. Anarudi kwenye kadi ya huyo mama: katoka kazini saa kumi na moja jioni. Anageuza ukurasa, sindano nyingine, siku ya mapumziko ambayo kiwanda kinasema kilifungwa. Hakuna haja ya kumhoji mtu. Daftari la usalama wa bidhaa halikuandikwa kwa ajili ya mkaguzi wa maadili ndo maana linasema kweli.

Nimewahi kukaa meza moja na mkaguzi aliyefanya hivyo, na niliheshimu sana kazi yake. Lakini ripoti ilipotoka iliandika: kumbukumbu za saa za kazi haziaminiki, kiwanda kirekebishe ndani ya siku 60. Ilikuwa sahihi neno kwa neno. Kuhusu kwa nini watu walikuwa kwenye mashine usiku ule hakuna mstari hata mmoja, kwa sababu fomu ya ukaguzi haina sehemu ya kuandika kitu ambacho mnunuzi kafanya. Mkaguzi hana hata ruhusa ya kuona barua pepe za mabadiliko ya oda. Anakagua kiwanda, na kiwanda kinaishia getini.

Na si saa za kazi peke yake ambazo fomu inazipita. Tarehe 11 Septemba 2012 kiwanda cha Ali Enterprises kule Karachi, Pakistan kiliungua, wakafa watu zaidi ya 250, madirisha yalikuwa na nondo na njia za kutokea zimefungwa. Wiki chache tu kabla kilikuwa kimepewa cheti cha SA8000. Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, Bangladesh, ghorofa 8, viwanda 5 vya nguo ndani yake. Tarehe 23 nyufa zikaonekana kwenye kuta, benki iliyokuwa chini ikawaambia wafanyakazi wake wasirudi, maduka yakafungwa. Washonaji wakaamriwa warudi kesho yake asubuhi, wengine wakitishiwa kukosa mshahara. Tarehe 24 jengo likaanguka, watu 1,134 wakafa. Viwanda viwili kati ya hivyo vilikuwa vimekaguliwa kwa kanuni za maadili zilizotumiwa na wanunuzi wa Ulaya, ila uimara wa jengo haukuwa sehemu ya ukaguzi. Kila nikisoma hiyo habari ya benki na washonaji ndani ya jengo moja naumia upya. Wote waliziona nyufa zile zile, tofauti ni kwamba mshonaji alikuwa na oda ya watu wa mbali iliyokuwa inasubiriwa na hakuwa na chama cha kusema kwa pamoja hatuingii.

Kilichofuata ndo sababu naandika haya yote kwa matumaini na si kwa kulalamika. Mwezi uliofuata vyama vya wafanyakazi vya kimataifa, IndustriALL na UNI, vikasaini na kampuni za nguo makubaliano ya usalama wa moto na majengo Bangladesh, yale yanayojulikana kama Accord. Zikasaini kampuni zaidi ya 200. Angalia kilichokuwa humo ndani: kampuni zilijifunga kisheria, si kwa hiari. Zilikubali kuhakikisha kwamba bei na masharti ya kibiashara yanakiwezesha kiwanda kumudu gharama za kuwa salama. Zilikubali kuendelea kuweka oda Bangladesh kwa miaka miwili ya mwanzo, zisikimbie. Ripoti za ukaguzi ziliwekwa wazi kila mtu asome. Mfanyakazi alipewa haki ya kukataa kuingia kwenye jengo analoliona si salama, na sehemu ya kupeleka malalamiko bila kupitia kwa bosi wake. Na kampuni isiyotimiza ingepelekwa kwenye usuluhishi, na kweli zikapelekwa: mwaka 2016 vyama vikafungua mashauri mawili kwenye Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi The Hague, na Januari 2018 kampuni moja ikakubali kulipa dola milioni 2.3, sehemu kubwa ikiwa ya kurekebisha viwanda vilivyokuwa vinaishonea. Viwanda zaidi ya 1,600 vilikaguliwa na wahandisi, milango ya kuzuia moto ikawekwa, nguzo zikaongezewa nguvu, na wenye viwanda waliokataa kabisa wakaondolewa kwenye orodha.

Kwa hiyo inawezekana. Anayenunua anaweza kusaini, anaweza kushtakiwa, na biashara ikaendelea. Nguo hazikuisha madukani.

Ukija kwenye mazingira ni yale yale kwa sura nyingine. Siku hizi kila mteja anauliza hewa ukaa. Anataka takwimu za umeme, dizeli, makaa, usafiri, maana kwenye hesabu zake zile za moja kwa moja ni kidogo, sehemu kubwa iko kwa wanaomtengenezea bidhaa, ile wanayoita kundi la 3, na kaahidi wanahisa kuipunguza. Sawa, ni jambo jema na mi naliunga mkono kwa moyo wote, hali ya hewa haijali kama moshi umetoka kwa nani. Ila kubadilisha boila ya makaa ukaweka ya umeme ni mkopo wa miaka mingi, na mkataba alionipa ni wa msimu mmoja. Benki ikiniuliza una uhakika gani wa mauzo miaka mitano ijayo nimwonyeshe nini, dodoso? Mteja anayetaka kweli boila ibadilike anatoa mkataba wa miaka kadhaa ambao unaweza kuupeleka benki kama dhamana, na wapo wachache wanaofanya hivyo, na viwanda vyao vinabadilika. Wengine wanatoa alama kati ya 0 na 100 na medali ya fedha.

Majitaka pia. Mtambo wa kusafisha maji ya rangi unakula umeme na kemikali kila siku ya Mungu, kwa hiyo bei ikibanwa sana kinachozimwa cha kwanza usiku ni mtambo. Kuna wanaouwasha siku ya ukaguzi tu. Ukitaka kujua, usiangalie maji yanayotoka saa ile, ulizia tope. Mtambo unaofanya kazi lazima utoe tope, na tope lazima liwe limepelekwa mahali, kuna gari lililobeba, kuna karatasi ya uzito, kuna aliyelipokea. Maji safi ya mwaka mzima na hakuna kilo moja ya tope, hapo hakuna kilichosafishwa. Hii naiandika hapa makusudi kwa wakaguzi vijana wanaoanza.

Kuna jambo la watoto nalo nataka niliguse kwa sababu ndo linaloandikwa kwa ukali kuliko yote na ndo linaloweza kuharibu kuliko yote. Nyaraka nyingi zinasema kutovumilia kabisa, akipatikana mtoto mkataba unavunjwa siku hiyo hiyo. Inasikika vizuri. Mwaka 1993, kwa hofu ya muswada uliokuwa Marekani wa kuzuia bidhaa zilizotengenezwa na watoto, viwanda vya nguo Bangladesh vilifukuza watoto kwa maelfu, haraka haraka, bila mpango wowote. Walipofuatiliwa baadaye wengi hawakukutwa shule, walikutwa kwenye kuponda mawe, mitaani, na wengine kwenye ukahaba. Ndo mwaka 1995 chama cha wenye viwanda, ILO na UNICEF wakaandikiana makubaliano kwamba mtoto asitolewe kazini kabla hajatafutiwa shule, apewe posho, na ikiwezekana nafasi yake apewe mtu mzima wa familia. Hiyo ndo kanuni inayostahili kuandikwa kwenye waraka, pamoja na nani atalipa ada na posho hadi mtoto afikishe umri. Mnunuzi akivunja mkataba na kuondoka, mtoto anabaki pale pale na njaa zaidi, na kiwanda kingine kinajifunza kuficha vizuri.

Kuondoka nako kuna wakati wake, sikatai. Pamba ya Uzbekistan ni mfano. Serikali yenyewe ilikuwa inawalazimisha raia kwenda kuchuma, wakiwemo walimu na wauguzi, huko hakuna mkulima mmoja ambaye ungemkagua ukamrekebisha. Kampuni zaidi ya 300 zikaahidi kutoitumia hiyo pamba, presha ikadumu zaidi ya muongo, na Machi 2022 muungano uliokuwa unaongoza ule mgomo ukautangaza kuwa umeisha baada ya kuona kwenye mavuno ya 2021 ulazimishaji wa kimfumo wa serikali haupo tena. Tofauti ni kwamba pale mgomo ulikuwa na dai linaloeleweka, na lilipotimizwa milango ikafunguliwa. Kumuacha sapulaya mmoja kimya kimya ili jina lako lisiandikwe gazetini ni kitu kingine kabisa.

Na Machi 2020 tuliona upande wa pili wa jambo hili bila pazia. Janga lilipoingia kampuni nyingi za nguo zilifuta oda, zikiwemo ambazo zilikuwa zimeshashonwa na kufungwa kwenye maboksi. Kitambaa sapulaya alishalipa, mishahara alishalipa, mteja ndo analipa mwisho, miezi kadhaa baada ya meli. Bangladesh peke yake zilifutwa au kusimamishwa oda za zaidi ya dola bilioni 3. Wafanyakazi walirudi makwao bila malipo. Waraka wa maadili unaosema mishahara ilipwe kwa wakati ulikuwepo, umesainiwa, uko kwenye faili. Ukimuuliza mtu wa kampuni ile anakwambia kisheria mkataba uliruhusu kufuta, na ni kweli uliruhusu, kwa sababu uliandikwa na yeye.

Ndo maana sheria zinazoanza kuwagusa wanunuzi nazifuatilia kwa karibu kuliko vyeti. Uingereza mwaka 2015 walianza kwa kutaka kampuni zenye mauzo ya kuanzia pauni milioni 36 kwa mwaka zitoe taarifa kuhusu utumwa wa kisasa, ila taarifa tu, unaweza kuandika hatukufanya chochote na ukawa umetii. Ufaransa mwaka 2017 wakaenda mbali zaidi, kampuni kubwa lazima iwe na mpango wa kuzuia madhara na inaweza kupelekwa mahakamani. Ujerumani sheria yao imeanza Januari 2023, na mle ndani, watu wengi hawasomi, inataja waziwazi mikakati ya ununuzi na namna ya kununua kama sehemu ya kuzuia madhara. Umoja wa Ulaya wakapitisha ya kwao mwaka 2024, nayo inaitaka kampuni ibadilishe mienendo yake ya kununua pale inapochangia tatizo. Mwaka 2025 wakaanza kuirudisha nyuma, utekelezaji ukasogezwa, kampuni zikilalamika makaratasi yamezidi. Kuhusu makaratasi nakubaliana nao, mi ndo najaza. Ila kilichohitaji kupunguzwa ni madodoso 15 yanayouliza swali moja kwa maneno tofauti, na hilo halihitaji kugusa wajibu wa mnunuzi hata chembe.

Kwenye malipo tayari kuna mfano kwenye mazao ya chakula. Umoja wa Ulaya mwaka 2019 waliweka sheria kwamba mnunuzi mkubwa amlipe muuzaji mdogo ndani ya siku 30 kwa bidhaa zinazoharibika na siku 60 kwa nyingine, na asifute oda ya bidhaa zinazoharibika dakika za mwisho. Huko hakuna neno maadili lililopambwa popote, ni siku tu zimeandikwa, na mtu anayelipwa ndani ya siku 30 anaweza kulipa mishahara yake tarehe moja kila mwezi. Nguo haziozi, kwa hiyo sisi tunangoja 90, wengine 120.

Kama unakaa kwenye idara ya manunuzi ya kampuni kubwa na umesoma hadi hapa, nakuomba vitu vinavyowezekana. Kwenye mkataba wenu muweke kwamba oda ikibadilishwa baada ya kuthibitishwa, tarehe ya mzigo inasogea kwa siku zile zile mlizozichelewesha, bila faini. Gharama ya mshahara mliyokokotoa kwenye bei itengwe, mkibishana kuhusu bei mbishane kuhusu kitambaa, vifungo, boksi na faida, huo mshahara msiuguse. Oda iliyoanza kukatwa kitambaa isifutwe bila kulipwa. Fomu ya ukaguzi iongezwe ukurasa mmoja ambapo kiwanda kinaandika mabadiliko yote ya oda za miezi 12 iliyopita na tarehe zake, na mkaguzi aone barua pepe. Halafu muangalie namna mnavyompima ofisa wenu wa manunuzi mwisho wa mwaka, maana kama bonasi yake inatokana na asilimia aliyokata kwenye bei peke yake basi atakata, ndo kazi mliyompa. Mpimeni na idadi ya oda alizozibadilisha baada ya kuthibitisha, na siku alizochukua kulipa. Hizo namba mnazo tayari kwenye kompyuta zenu, hamhitaji kumtumia sapulaya dodoso lingine kuzipata.